Kitufe Kilichoandikwa Kwaheli

Mama yetu mfiwa, ndugu, majirani, wanamuziki mliofika na wote mlioacha shughuli zenu ili kuwa nasi asubuhi hii, mimi ni mke wa mtoto wa mwisho wa marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza kwamba historia yake niisome mimi. Mume wangu alipomuuliza kwa nini asichaguliwe mtu mwenye sauti, alijibu, "Mkwe wangu hata koma haiachi ipite bila kuisalimia." Walio nyuma wakisogea kidogo watanisikia vizuri zaidi.

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Badili, alizaliwa siku ya Jumatatu tarehe 9 Juni 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa fundi seremala na mshona nguo. Mama yake alikuwa na cherehani ya kukanyaga, na marehemu alipenda kusema kwamba mdundo wa kwanza kuusikia duniani ulikuwa wa cherehani ile, unaanza polepole, unakolea kwenye pindo refu, unapungua kwenye kona, na kwamba alipokuwa mchanga hakulala mpaka mama yake aanze kushona, hata wateja wakawa wanashangaa mbona nguo zao zinakamilika haraka hivyo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1960 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na stesheni ya reli, akamaliza darasa la saba Novemba 1966. Cheti chake tunacho, hesabu alifaulu vizuri, kuimba alifaulu vizuri sana, na imla alipata alama ambazo mama ameniomba nisizitaje. Herufi R na L kwake zilikuwa mapacha, hakuwahi kuwa na uhakika nazo mpaka mwisho wa maisha yake. Shule ilikuwa na kinanda cha kukanyaga, na yeye alipewa kazi ya kukipangusa vumbi, akakipangusa kwa miaka mitatu, hadi siku moja mwalimu aliporudi darasani kuchukua miwani aliyoisahau, akamkuta anapiga wimbo wa asubuhi kwa mikono miwili, kitambaa cha vumbi kikiwa begani. Mwalimu hakumpiga wala hakumsifu, alimwambia tu, "Kesho njoo bila kitambaa."

Mwaka 1967 alianza kujifunza kazi katika karakana ya kutengeneza redio, akaifanya kwa miaka saba, ndiyo maana mpaka uzee wake alikuwa na alama mbili za kuungua kwenye kidole gumba cha kulia. Machi 1974 aliajiriwa kupiga kinanda katika bendi ya watu watano iliyokuwa ikitumbuiza kila Jumamosi na Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa hoteli iliyotazamana na stendi ya mabasi. Yeye ndiye aliyekuwa akiisoma sakafu, akiona wachezaji wamechoka au wamechoshwa, anainua mkono na kupaza sauti, "Badili!", na bendi nzima inatoka kwenye rumba inaingia kwenye walzi, au inatoka kwenye walzi inaingia kwenye chacha, bila mguu wa mchezaji kukanyaga pasipo na mdundo. Jina lake la Badili lilitoka hapo.

Katika bendi hiyo alikutana na mpiga dramu, ambaye tunaye leo, amekaa mstari wa pili, na hao wawili walikuwa chanda na pete, walivaa soksi za rangi moja, walikopeshana vitana, na mtu akimwalika mmoja alijua ni kuandaa sahani mbili.

Katika hoteli hiyo hiyo alikutana pia na mama yetu. Mama alikuwa akipiga pasi vitambaa vya meza katika chumba kilichokuwa nyuma ya jukwaa, kilichotenganishwa na bendi kwa pazia tu, na marehemu aligundua kwamba pasi ile ilikuwa ikifuata mdundo, rumba ikiwa ndefu na pasi inateleza kwa urefu, chacha ikianza na pasi inaanza kudonoa. Siku moja alipopaza sauti, "Badili!", sauti ya msichana ilijibu kutoka nyuma ya pazia, "Badili wewe kwanza hilo shati, wiki ya tatu sasa!" Ukumbi mzima ulisikia. Jumamosi iliyofuata alikuja na shati jipya, akaliacha makusudi bila kulipiga pasi. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi tarehe 21 Aprili 1979, mpiga dramu akiwa msimamizi, na Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza mwaka 1980, binti wa pili mwaka 1984, na mwana mwaka 1990, ambaye ndiye mume wangu.

Sasa nafika sehemu ambayo marehemu alisema isirukwe. Mwezi wa Agosti mwaka 1988 mwenye hoteli alinunua kinanda cha umeme chenye midundo ndani yake. Kwa wasiokijua kinanda cha aina hii, mkono wa kushoto ukishika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, chenyewe kinaleta dramu, besi na gitaa, mkono wa kulia unabaki na wimbo, na vitufe vilivyopangwa juu vinabadilisha mdundo papo hapo, kwa hiyo mtu mmoja anakuwa bendi. Wiki ile ile wanabendi wanne waliagwa, akabakizwa yeye peke yake. Mpiga dramu alipofika kuchukua dramu zake alimkuta anakijaribu kinanda jukwaani, akasimama mlangoni akamwambia, "Umenizika nikiwa hai, tena kwa kidole kimoja." Marehemu alikuwa na mke, mabinti wawili na kazi, akabaki, na kwa karibu miaka minane watu hawa wawili hawakusalimiana, walipokutana njiani kila mmoja alipata kitu cha kutazama upande wa pili wa barabara. Mama anasema katika miaka hiyo soksi za ile rangi marehemu alizifungia kwenye boksi, hakuzivaa na hakuruhusu zitupwe.

Alikuwa akirudi nyumbani akilalamika kwamba dramu ya kwenye mashine haikosei, na hiyo ndiyo kasoro yake. Jumapili ya kwanza ya Machi 1996 alikibeba kinanda begani, akatembea nacho mpaka kwenye kiwanja cha mbao alikokuwa akifanya kazi rafiki yake. Mpiga dramu alimtazama akasema, "Umeniletea mchawi wako mpaka kazini?" Marehemu akajibu, "Nimekuletea mgonjwa. Anapiga sawasawa lakini hatoki jasho." Yule mzee alicheka bila kupenda, na mtu akishacheka hawezi kurudisha uso wa hasira. Kinanda kile kilikuwa na nafasi ya kutunga mdundo mpya, ambapo kila kibao cheupe na cheusi kinageuka kuwa ngoma tofauti, basi kwa Jumapili tatu walikaa juu ya rundo la mbao, mmoja akigonga kwa vidole viwili kama alivyokuwa akigonga kwa vijiti, na mwingine akihifadhi, na marehemu alikataa kusafisha pale ambapo ngoma ya pili ilichelewa kidogo, alisema hapo ndipo rafiki yake anapovuta pumzi. Walipomaliza, kinanda kiliuliza mdundo huo uitwe nani, na marehemu akaandika kwa fahari kubwa, LAFIKI.

Mdundo huo aliuhamisha kutoka kinanda hadi kinanda, kwenye disketi, kisha kwenye flashi, na wengi wenu mliooa, mlioozesha au mliomaliza masomo katika mtaa huu mmeucheza. Kabla ya kila shughuli alichukua kipaza sauti akatangaza nani anapiga dramu, hata kama mwenyewe yuko nyumbani anaota jua. Mzee wetu wa mstari wa pili, tangu siku ile ya mbao soksi zilitoka kwenye boksi, na leo baba amezivaa, tumehakikisha.

Mimi niliingia katika nyumba hii siku ya Jumamosi tarehe 10 Desemba 2016. Siku ya harusi marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye kinanda, na mimi nilipofika mlango wa ukumbi nikaona watu wote wamegeuka, miguu iligoma. Yeye aliona, akaupunguza mdundo, nilipopiga hatua fupi akaupunguza tena, mpaka ukawa unakwenda kwa mwendo wangu kabisa, na safari ya kutoka mlangoni hadi mezani ikachukua dakika kumi na moja. Mama mkwe alimnong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Baba, chakula kitapoa." Akamjibu, "Chakula kina moto wake, mtoto ana mwendo wake." Nami nilikuwa bado sijawahi kuzungumza naye hata neno moja.

Siku ya pili nyumbani nilimsikia sebuleni akisema, "Kodi hii imechelewa, kodi imechelewa tena," nikaenda kujificha jikoni nikidhani mwenye nyumba amekuja, na mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipeleka kunionyesha kodi za kinanda ni zipi. Hapo ndipo nilipoona vitufe vyake. Alikuwa amebandika vipande vya plasta nyeupe ya kidonda, na juu yake ameandika kwa mkono wake, kitufe cha kuanzia KARIBU, cha mdundo mtulivu POLEPOLE, cha mdundo wenye moto CHANGAMKA, cha kuvukia kutoka huu kwenda ule RUKA, na cha kumalizia wimbo KWAHELI. Nililiona kosa siku hiyo hiyo, na kwa adabu ya mkwe nilinyamaza.

Siku ya Jumanne tarehe 3 Septemba 2019, saa mbili asubuhi, akifunga vifungo vya shati, marehemu alipata kiharusi kilichochukua mkono wake wa kushoto na sehemu ya mguu. Alilazwa siku kumi na tisa. Aliporudi nyumbani kinanda kilifunikwa shuka, na kwa miezi minne hakuna aliyethubutu kulifunua, kwa maana mkono wa kushoto ndio unaobeba bendi nzima, na yeye alisema mara moja tu, hakurudia, "Wimbo ninao, sina pa kuusimamisha."

Asubuhi moja ya Januari 2020 nilikuwa nikifagia sebule, na mwanangu, aliyekuwa na miaka miwili, akaingia chini ya shuka lile akabonyeza bonyeza, ukaanza mdundo wa LAFIKI peke yake, bila kodi wala wimbo. Nilikimbia kuuzima, lakini nilipogeuka niliona mkono wa kulia wa baba unapiga juu ya blanketi. Akaniambia, "Mkwe, weka ufagio. Kidole kidogo hapa, cha kati pale, gumba kule. Shika, usiachie." Kukaa benchi moja na baba mkwe si jambo jepesi, nilikaa ukingoni kabisa, nusu nikiwa hewani, mpaka mama akasema, "Sogea, mwanangu, hilo benchi halina miba." Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikishamaliza kuosha vyombo, mimi nilikuwa mkono wake wa kushoto. Nilijifunza kodi sita, kisha tisa, na nilijifunza kutobonyeza RUKA kabla ya yeye kuvuta pumzi, kwa sababu alivuta pumzi kila mara alipotaka kubadili, nadhani hata yeye hakujua.

Novemba 2021 jirani yetu alituomba tupige kwenye harusi ya binti yake, tukaenda, na katikati ya wimbo, maharusi wakiwa wanacheza vizuri kabisa, badala ya RUKA nilibonyeza KARIBU, bendi nzima ikasimama na kuanza wimbo upya kama vile watu ndio kwanza wanaingia ukumbini, bwana harusi akarudi mlangoni. Marehemu alichukua kipaza sauti akasema, "Sisi ni wakarimu, tunakaribisha mara mbili." Watu walicheka kwa wema, lakini mimi nilitamani ardhi inimeze, na tangu siku hiyo sikupiga tena mbele za watu. Hakunilazimisha. Tulipiga nyumbani, na yeye akawaambia waliomwita kwamba bendi yake imepata mapumziko.

Mwaka jana plasta zile zilianza kubanduka, akaniomba niziandike upya. Niliandika nne, kwenye ya tano kalamu ikasita, nikamwambia, "Baba, neno hili lina R." Akaisogeza plasta karibu na macho. "Uliliona lini?" Nikasema, "Siku ya kwanza." "Miaka yote hii hukusema?" Nikasema, "Wewe ni baba mkwe." Alicheka mpaka akakohoa, mama akaja mbio na maji, kisha baba akaniambia kitufe kile kimoja nikiache hivyo hivyo kwa mwandiko wake. "Kwaheri ya kwenye vitabu mtu anasema mara moja anaondoka," alisema, "hii ya kwangu inabonyezwa mara mbili." Ni kweli, kitufe kile ukikibonyeza mara moja wimbo unaisha kwa mwendo wake, ukikibonyeza tena unaanza kupunguza, kidogo kidogo, kama mtu anayekwenda mlangoni huku anageuka. Alikuwa mkali katika jambo moja tu, wimbo usikatwe. Alisema ukikata, waliokuwa wanacheza wanabaki na mguu hewani.

Januari 2023 hali yake ilianza kubadilika, kifua kikawa kizito, na siku alizopata nguvu aliomba asogezwe kwenye kinanda. Mimi nilidhani anajiliwaza. Tarehe 5 Februari alinionyesha kwamba amerekodi, kwenye kumbukumbu ya kinanda, ule wimbo aliompigia mama siku ya harusi yao, mkono wa kulia peke yake, beti tatu, bila kodi na bila mwisho. Akasema, "Siku yangu utashika kushoto. Mwisho sijarekodi, mwisho ni wako." Nikamwambia, "Baba, mbele za watu siwezi." Akasema, "Hawajakuomba watu. Nimekuomba mimi." Niliinama nikaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa, na kesho yake alipelekwa hospitali, na kila nilipokwenda kumwona nilikuta wageni, au amelala, au nikajidanganya kwamba amelala.

Marehemu alifariki dunia siku ya Alhamisi tarehe 16 Februari 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika wodi namba tatu, mama akiwa ameshika mkono wake wa kulia na mume wangu wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka sabini. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu sita.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mwaka 2019 na mwezi huu, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemruhusu kupiga vidole kwenye ukingo wa kitanda ingawa mgonjwa wa jirani alilalamika, na mgonjwa wa jirani naye tunamshukuru, kwani siku ya tatu alianza kumwomba nyimbo. Tunawashukuru majirani kwa viti, maji na mikono yenu, na yule jirani wa harusi ya kukaribishwa mara mbili, ambaye hajawahi kunikumbusha. Tunawashukuru wanamuziki wenzake, na zaidi ya wote mpiga dramu wake, aliyekuja kumwogesha na kumnyoa kila Jumapili kwa miaka mitatu bila kuombwa.

Jibu ambalo sikumpa baba nimekuja nalo hapa. Leo asubuhi nilimwambia mama kwamba naogopa nitakosea, akasema, "Ukikosea atacheka, usipopiga atanuna, chagua." Kinanda kipo hapo pembeni, kimeshawashwa. Namwomba mzee wetu wa dramu aje akae nami kwenye benchi, na nyote mkae kimya kidogo. Mtakaousikia kwanza ni mkono wake wa kulia, mwenyewe, jinsi alivyoupiga siku ile, dramu ni za rafiki yake, kushoto ni mimi. Mkono wake utakapofika mwisho wa ubeti wa tatu utanyamaza, na hapo nitabonyeza kitufe kile chenye mwandiko wake, ambacho bado kimekosewa, nitakibonyeza mara mbili.

Pumzika kwa amani, baba, kwa mwendo wako, hatutakukata.